Vidole Vinne Kitabuni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kaluki alikuwa kwenye foleni ya maji na mitungi yake miwili, kama kawaida. Ploti yao ya kupanga pale Kangemi, Nairobi, ilikuwa na vyumba ishirini na vinne, mfereji mmoja uani, na tangi moja jeusi juu ya paa. Mfereji ulifunguliwa alfajiri ukafungwa saa moja. Jioni ulifunguliwa tena hadi saa moja na nusu. Zaidi ya hapo, kila mtu na akiba yake. Kando ya mfereji palikuwa na ubao mdogo ambao Kitavi, keateka aliyeitunza ploti, aliandika kwa chaki kila asubuhi: TANGI LIMEJAA. Aliandika hivyo hata siku ambazo mfereji ulikohoa hewa tupu.

"Kitavi, limejaa nini leo? Upepo?" Mama Caren wa chumba cha tisa akauliza.

"Nyinyi ndio mnatumia maji kama watu wa kuosha ng'ombe," Kitavi akajibu bila kugeuka. Alikuwa akichuma managu, mboga za mnavu, katika kibustani chake nyuma ya ukuta. Managu hayo yalisitawi mvua ikinyesha au isiponyesha, na Kitavi alipenda kusema kwamba ana mkono wa baraka.

Watu wakacheka. Kaluki hakucheka. Macho yake yalikuwa juu, kwenye veranda ya ghorofa ya pili, ambako baba yake alikuwa akitembea. Hatua kumi kwenda, anageuka, hatua kumi kurudi.

Baba yake, Masila, alikuwa baharia katika Nyota ya Winam, meli kubwa ya mizigo inayovuka Ziwa Viktoria kutoka Kisumu hadi Port Bell kule Uganda. Wiki tatu majini, wiki moja nyumbani. Mtu wa Kitui, ambako kwao watu hufukua mchanga wa mto wakitafuta maji, naye amepata riziki kwa kuelea juu ya maji! Jambo hilo liliwachekesha wengi. Lakini nchi kavu haikumkalisha. Siku mbili tu tangu arudi, alikuwa amegonga kutu yote kwenye vyuma vya veranda, akavipaka rangi, akafungua kamba zote za kuanikia nguo na kuzifunga upya kwa mafundo ambayo hakuna mama aliyeweza kuyafungua.

"Mzee, hii ni ploti, si meli," Kitavi alimwambia.

"Kutu haijui tofauti," Masila akajibu, na nyundo yake ikaendelea.

Hata mezani hakutulia. "Baba Kaluki, kaa chini hata kikombe kimoja kiishe," mkewe, Namalwa, alimwambia asubuhi hiyo ya Jumatatu kabla ya kwenda kufungua kibanda chake cha mboga sokoni.

"Si nimekaa?"

"Umekaa na magoti yanacheza ngoma."

Kaluki naye magoti yalikuwa yakicheza, ila chini ya meza, na kwa sababu nyingine. Ijumaa ilikuwa inakuja, na yeye ndiye pekee aliyejua inakuja na nini.

Mambo yalianza Agosti. Baba alikuwa ameahidi kumpeleka safari moja melini wakati wa likizo, na Kaluki akalitangazia darasa zima. Kisha nahodha akakataa, kwa kuwa safari hiyo walipakia mafuta ya petroli. Kaluki akaimaliza likizo akipanga nyanya kibandani kwa mama yake. Shule ilipofunguliwa, Zadock, kijana mwenye ulimi mrefu anayeishi Uthiru, alimuuliza mbele ya watu, "Niaje, baharia! Ziwa lilikuwaje? Ama uliishia sokoni Kangemi?"

Wote waliangua kicheko. Kaluki akasikia uso ukiwaka moto. "Nilienda," akasema. "Siku saba."

Neno likishatoka halirudi. Wiki ile ile Mwalimu Veronicah akaleta habari za shindano la insha la shule mbalimbali. Mada ilikuwa "Kazi Ninayoijua," na sharti lilikuwa moja: mwandishi aandike aliyoyaona kwa macho yake. Kaluki akaandika "Siku Saba Ndani ya Meli." Aliandika usiku wa dhoruba, mawimbi marefu kuliko nyumba, na yeye mwenyewe akishika usukani. Insha ikawa ya kwanza shuleni, ya Zadock ikawa ya pili. Sasa Ijumaa angeisoma katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, mbele ya wanafunzi na wazazi wao.

Jumatatu hiyo hiyo jioni, simu ya baba ililia. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Veronicah. Masila akausoma kwa sauti: "Hongera, Baba Kaluki. Binti yako atatuwakilisha Ijumaa kwa insha yake kuhusu safari yenu. Karibu ukumbini." Akainua macho. "Safari gani?"

Kaluki akainuka kuosha vikombe vilivyokuwa safi tayari.

"Niletee nisome," baba akasema.

Alisoma akiwa amesimama mlangoni. Mwanzoni alitabasamu. Kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Maji ya chumvi yaliniwasha macho! Kaluki, chumvi ya wapi? Maji ya ziwa hayana chumvi hata punje! Na huyu papa aliyeifuata meli, alipitia Mombasa akapanda treni?"

Hata mama akacheka. Kaluki alitaka sakafu ipasuke immeze. Halafu baba akafungua ukurasa wa pili, na kicheko kikakatika kama kamba.

"Soma hapa," akasema.

Kaluki akasoma kwa sauti ndogo: "Kila baada ya saa mbili nilipima maji ya ngama na kuandika kitabuni: vidole vinne. Kazi hii ni rahisi."

"Ulipima?"

"Hapana, Baba."

"Uliandika vidole vinne. Ulivitoa wapi?"

"Kwako. Uliwahi kusema mara nyingi huwa vinne."

Masila akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumwona ameketi na magoti yametulia. Mkewe akaacha kumenya viazi.

"Haya mengine yote nakusamehe, ni ya kuchekesha," Masila akasema. "Hili hapana. Keti nikwambie siku ya meli ilivyo, ya kweli."

Akaanza kusimulia, na mikono yake ikawa inafanya kazi hewani. Alieleza kamba za kufungia meli gatini, nene kama paja la mtu mzima, ambazo zikikatika zinaweza kumvunja mtu miguu. Alieleza chumba cha injini, ambako mngurumo ni mkubwa hadi watu husema kwa vidole: viwili juu, ongeza mafuta, ngumi, simama. Alieleza magugu maji kwenye ghuba, yanayoziba mahali injini inapovutia maji ya kujipoza, mpaka mtu ashuke kuyatoa kwa mikono. Na kugonga kutu, kila siku, kuanzia mbele hadi nyuma, na ukifika nyuma mbele kumeshashika tena.

"Sasa, chini kabisa ya meli kuna ngama. Ndiko maji yanakojikusanya, kidogo kidogo. Hakuna anayeweza kuyaona. Kuna bomba jembamba linaloshuka hadi kule. Unachukua fimbo ya chuma yenye alama, sisi tunaziita vidole. Unaipaka chaki, unaifunga uzi, unaishusha hadi igonge chini. Ukiivuta, chaki imelowa mpaka pale maji yalipofika. Unahesabu, unaandika. Basi. Mtoto wa nasari anaweza."

"Kwa hivyo ni rahisi," Kaluki akasema polepole.

"Ni rahisi sana. Ndiyo maana inaua watu."

Akaendelea bila kumwangalia. "Miaka minne iliyopita tulikuwa tumepakia saruji. Zamu yangu ilikuwa ya alfajiri. Mvua ilikuwa ya manyunyu, baridi hadi mifupani. Bomba liko nje, mimi niko ndani na kikombe cha chai. Nikafikiri, jana vilikuwa vinne, juzi vinne. Nikaandika vinne. Saa mbili baadaye nikaandika vinne tena. Fimbo ilikuwa imekauka ukutani. Kumbe chini huko vali moja ilikuwa imepasuka na ziwa linaingia."

"Ikawaje?" mama akauliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba anajua.

"Phoebe, mpishi wetu, ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni na sufuria ya uji akipiga kelele: 'Nyinyi wanaume, mbona uji wangu una mteremko?' Tukatazama. Uji umeegemea upande mmoja. Meli ilikuwa imelalia upande, na hakuna aliyehisi. Nahodha Dalmas akaitisha kitabu. Kitabu kinasema vinne. Akaagiza fimbo ishushwe. Ikatoka imelowa yote, hadi kwenye uzi."

"Tulikuwa watu ishirini na wawili. Tulipiga pampu zote, tukakimbilia maji mafupi karibu na kisiwa. Hakufa mtu. Mifuko mia sita ya saruji iligeuka mawe. Nikamwambia nahodha kwamba mimi ndiye niliyeandika bila kupima. Alinisimamisha kazi miezi mitatu. Niliporudi akaniambia, 'Umerudi kwa sababu ulisema. Ungelificha, usingelikanyaga meli tena.'"

Kaluki akakumbuka. Mwaka ule baba alikaa nyumbani miezi mitatu. "Lakini mlisema meli inatengenezwa!"

"Nilisema. Nikamwomba na mama yako aseme hivyo." Masila akamtazama binti yake sasa. "Niliona aibu. Kwa hivyo na mimi nilikuandikia vidole ambavyo sikupima. Nisamehe. Tangu siku ile mwili wangu hautulii. Kila baada ya saa chache unaniuliza: Masila, umepima?"

Kaluki hakuwahi kuombwa msamaha na baba yake. "Sasa nimwambie nini Mwalimu?"

"Insha ni yako. Zamu ni yako. Mimi siwezi kuishika."

Jumanne Kaluki alienda shuleni na maneno mdomoni, akarudi nayo. Alifika hadi mlango wa ofisi ya walimu mara mbili, mara zote mbili akajifanya anatafuta chaki. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, lakini Kaluki aliiona ndefu kama barabara kuu ya Waiyaki Way.

Jumatano asubuhi aliingia bila kubisha, maana alijua akibisha atakimbia.

"Mwalimu, sijawahi kupanda meli. Ile insha nimeitunga."

Mwalimu Veronicah akaweka kalamu chini. "Kaluki, jina lako limeshachapishwa kwenye orodha. Nimekupigia debe kwa mwalimu mkuu. Baba yako nimemwalika!"

"Najua, Mwalimu."

"Nani amekwambia uje kusema? Baba?"

"Hapana. Yeye alisema ni zamu yangu."

Mwalimu akapumua kwa nguvu. "Umeniangusha, sitakuficha. Kibaya zaidi, umemnyima mtu nafasi yake. Zadock alikuwa wa pili. Nenda umwambie mwenyewe."

Hilo ndilo lililokuwa chungu kuliko yote. Alimkuta Zadock uwanjani na wenzake.

"Nilijua!" Zadock akaruka. "Papa ziwani? Heh! Kapteni Kangemi! Kapteni wa nyanya!" Wenzake wakadaka jina hilo, likazunguka uwanja mzima. Kaluki alisimama pale pale, machozi yakimlengalenga, lakini hakukimbia. Kelele zilipopungua akasema, "Ijumaa ni wewe. Ni haki yako."

Zadock akaacha kucheka. Akamvuta kando. "Wee, subiri. Mimi nikisoma mbele ya watu sauti inapotea. Si utanisikiliza kidogo mchana?"

Basi mchana huo na kesho yake, Kapteni Kangemi alikaa chini ya madirisha ya darasa akimsikiliza Zadock akisoma kuhusu kuku wa mayai wa nyanya yake huko Uthiru, akimwambia wapi apumue.

Jumatano ile jioni baba alikuwa akimngojea na ufito mrefu wa mbao aliouchonga alama. "Ulitaka kujua kupima? Twende."

Ngazi za saruji ziliwafikisha paani. Kaluki akapanda juu ya tofali mbili kando ya tangi, akafungua kifuniko. Akaupaka ufito chaki, akaushusha hadi ukagonga chini, akauvuta. Chaki ilikuwa imelowa hadi alama ya arobaini na moja. Mfereji ulikuwa umefungwa kwa usiku huo. Akaandika katika daftari jipya: "Jumatano jioni, 41."

"Kesho alfajiri, kabla Kitavi hajafungua mfereji, utapima peke yako," baba akasema.

Alhamisi alfajiri mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha. Kaluki alisimama chini ya ngazi na daftari, blanketi begani, akitetemeka. Mfereji ulikuwa umefungwa tangu jana. Nani angekunywa maji ya tangi? Popo? Jibu lilikuwa linajulikana: arobaini na moja. Kalamu ilikuwa mkononi. Akaandika tarakimu ya kwanza, nne.

Mkono ukasimama. Aliitazama ile nne peke yake kwenye ukurasa. Akamwona baba yake akiwa na kikombe cha chai na fimbo kavu ukutani. Akalivuta blanketi kichwani, akapanda.

Ufito ukatoka. Akahesabu. Akahesabu tena. Thelathini na saba.

Aliteremka mbio. "Baba! Vidole vinne vimepotea!"

Masila alikuwa tayari verandani, bila shaka. "Umepima vizuri?"

"Nimepima!"

"Pima tena."

Akapima tena, baba akishuhudia. Thelathini na saba. Hakuna mtu aliyekuwa amefungua mfereji, na maji ya vidole vinne yalikuwa yameondoka usiku. Wakaanza kulifuata bomba kutoka paani, wakilipapasa kwa mikono. Liliteremka ukutani, likapita nyuma ya choo, likazama ardhini karibu na kibustani. Masila akachutama, akachomeka kidole kwenye udongo. Tope tupu. Akachimba kidogo kwa kijiti, maji yakachuruzika kutoka kwenye ungio la bomba.

"Kitavi!" akaita. "Njoo uone mkono wako wa baraka!"

Watu wa foleni wakaja na mitungi yao. Mama Caren akatazama managu, akatazama bomba, akashika kiuno. "Kumbe sisi tunafoka na mboga zinaoga!"

Kitavi alikuna kichwa. "Mimi... ngazi zile ni nyingi, na goti langu..." Akautazama ubao wake uliosema LIMEJAA, akaufuta kwa mkono wa shati. Kabla ya saa mbili fundi alikuwa amefika na ungio jipya.

Ijumaa walifika ukumbini katikati ya jiji mapema, Kaluki, baba na mama. Zadock alipoitwa alitembea kama mtu anayeenda kudungwa sindano. Sauti yake ilipotea kwenye sentensi ya kwanza. Akamtafuta Kaluki kwa macho. Kaluki akavuta pumzi ndefu, mabega juu, Zadock naye akavuta, na sauti ikarudi. Alikuwa wa tatu kati ya kumi na wawili. Kaluki alipiga makofi, ingawa kila kofi lilimuuma kidogo.

Nje, kwenye vidato vya ukumbi, Mwalimu Veronicah aliwajia. Masila alikuwa amemweleza habari za tangi. "Kaluki," akasema, "nataka insha nyingine Jumatatu. Sitaipeleka shindanoni, itabandikwa darasani. Iwe fupi. Iwe na yale tu uliyoyaona."

"Hata kama ni ya tangi, Mwalimu?"

"Hasa ya tangi."

Mwalimu alipoondoka, baba akamshika binti yake bega. "Sikiliza. Kuandika jambo ambalo hukulipima ni kama kuweka shimo mahali mtu anapokanyaga. Pengine hatapita leo. Pengine atapita kesho akiwa na mtoto mgongoni. Wewe uliandika safari ambayo hukwenda, na aliyetumbukia ni Zadock. Mimi niliandika maji ambayo sikuyaona, nusura watumbukie watu ishirini na wawili. Ukweli unachosha, una ngazi nyingi, na mara nyingine mvua inanyesha. Panda tu."

Jumapili Masila alirudi Kisumu. Jumatatu Kaluki alibandika insha yake darasani, ukurasa mmoja, "Vidole Thelathini na Saba." Zadock aliisoma mara mbili, akasema, "Papa hayuko? Basi nitaiamini."

Kitavi alimwachia Kaluki ubao wa mfereji. Hakuna tena aliyeona neno LIMEJAA. Waliona namba.

Na kila jioni, pale meli ilipokuwa karibu na mtandao, simu iliita. Nyuma ya sauti ya baba ilisikika injini ikinguruma.

"Ngapi leo?"

"Thelathini na tisa, Baba."

"Umepima?"

"Nimepima. Na wewe?"

Kaluki alisikia baba akicheka, kisha mlio mdogo wa chuma kikigonga chini kabisa ya bomba refu.

"Subiri kwenye simu," baba akasema. "Ndiyo naivuta."